Balle Yenye Haina Mukia

Jana niliwaona. Musifikiri juu miye naikalaka tu pa kiti mbele ya depot ya vyombo, kitenge juu ya magoti, ati macho nayo imeacha kazi, imeenda retraite. Niliona mumoja wenu, jina sitaitaja, mwenyewe anajijua, akikokota gunia mu sahani ya trou ya tatu wakati balle ya mwisho ilikuwa ingali juu ya muchanga. Nilipiga kelele mpaka kifua ikaniuma. Mukacheka. Mukaniambia, "Mais Mama Masika, ni kitu kidogo."

Haya. Mukae chini, hata juu ya bidon. Coupe-coupe, mapanga yenu, muziweke pale. Ile kitu kidogo yenu, miye niliifanya mara moja tu mu miaka makumi mbili na tatu ya kazi. Njo nilihifazi njia ya bamama ba Masereka, na nikapoteza kitu ingine yenye sitaisema mbio mbio. Mutasikia.

Kwanza kazi, juu naona hamuijue bado.

Benye plantation ya pirètre, ile maua ya dawa ya badudu, njo balichimba hizi trou tano, mashimo ya golf, zamani, mbele miye nizaliwe. Mayani mororo yenye munaonaka mu télé haikubalake hapa pa kilima. Donc kandokando ya kila trou baliweka muchanga yenye kuchanganywa na mafuta, muviringo, na tunaiita sahani. Balle, ule mupira mudogo, inatoka mbali, inatua pa sahani, muchezaji anaisukuma polepole mpaka iingie mu trou. Balle zote zikisha kuingia, wewe mufanyakazi unakokota gunia yenye majiwe mbili ndani, unafuta nyayo na alama zote, bengine bakuye bakute pasafi. Inaonekana raisi, eh? Hata miye nilisemaka vile.

Muchanga ni ya muto, hapana ya barabara. Unaipitisha mu treillis, ile waya ya matundu madogo. Mafuta ni ya vidange, ya kamyo, yenye imeshaa kukuwa nyeusi. Ukimaliza kuchanganya, unakamata ngumi moja, unabana. Ikishikamana, na ukiigusa na kidole ivunjike, iko muzuri. Ikikuachia kiganja iking'aa, umeharibu, ongeza muchanga. Miye mwezi wa kwanza nilimwanga bidon mzima mu trou ya pili, nikasema mafuta mingi njo butamu, sawa mu mboga ya sombe. Hadji Saidi, mumoja wa ba patron, akateleza, akaikala pale na pantalon yake nyeupe. Aliinuka mweusi matako yote. Angalikuwa mutu mwengine ningefukuzwa, lakini yeye alicheka mpaka akaomba kiti.

Mwenye alinifundisha ni Tata Paluku, muzee wa kwetu Masereka. Alikuwa mukali, kusifu hakujua. Yeye njo alinionyesha kitu ya maana kupita zote, na mufungue masikio: kila balle yenye inafika mu sahani inaachaka mukia. Ni mustari mwembamba nyuma yake juu ya muchanga, inakuonyesha fasi ilitokea. Balle yenye haina mukia haikufika yenyewe, kuko mutu aliileta. Tata Paluku alikuwa anasema, "Masika, muchanga haisemake bongo mpaka wewe uifundishe." Nilimucheka vile munanicheka.

Sasa tuingie mu mambo ya ba patron. Papa Muhindo wa quincaillerie, ile duka ya misumari na waya, na Hadji Saidi wa makamyo, munabajua. Leo munaona bazee babili, kila mumoja na fimbo ya kupigia na fimbo ya kutembelea. Plantation ilipoanguka, bao babili njo balinunua hii fasi, karatasi mu majina mbili. Papa Muhindo alileta treillis, Hadji akaleta mafuta. Balipenda golf bote babili, na hata siku moja hawakuipenda namna moja.

Papa Muhindo ni mutu wa Butembo, muprotestanti, shemasi mu kanisa yake, na mu quincaillerie yake hata musumari moja haipotee. Alikuwa anakuya na cahier, daftari yenye alifunika na plastique. Kila coup, kila pigo, anaandika. Fimbo ikikosa balle, ipige hewa tu, anajiandikia moja. Ukikohoa wakati anataka kupiga, anashusha fimbo, anakungojea umalize, anaanza upya. "Balle inapigwa fasi imeikala," alikuwa anasema. "Ikiikala mu shimo, utaipiga mu shimo." Na kila trou ikiisha alikuwa ananigeukia miye, mukata mayani: "Mama Masika, ni ngapi?" Nikisema tano, anaandika tano. Hadji akisema ine, na miye nikisema tano, Papa Muhindo anaandika yangu. Bana bangu, kuko mutu amewahi kukuamini vile? Miye sikujua thamani yake ile wakati.

Hadji naye alikuwa anatoka Beni na thermos ya chai ya tangawizi katikati ya magoti. Toka trou ya kwanza mpaka ya tano kinywa haifungwe: habari ya kamyo yenye ililala mu matope, habari ya bakwe, habari ya bei ya kila kitu. Coup ikimukatalia anapiga ingine, ya kwanza anaisahau palepale. Balle ikiikala mubaya, anaisukuma kidogo na ncha ya kiatu. "Tuikalishe muzuri, maskini, nayo imechoka na safari." Bamama bakipita na mizigo, anasimama kubasalimia na kuuliza ugonjwa wa kila mutoto.

"Hadji, ulikuya kucheza ao kufanya soko?" Papa Muhindo anauliza.

"Nilikuya kupumua," Hadji anajibu.

Mwanzo ilikuwa utani. Kisha ikaanza kukuwa kali. Kuko samedi moja, jumamosi, siku yao ya kucheza, njia ya Beni ilikuwa mubaya tena. Magari zilizuiliwa muda murefu, zingojee basoda ba kuzisindikiza. Hadji alifika amechelewa sana, uso majivu, na akaanza kusema palepale, kusema tu, bila kupumzika. Papa Muhindo akashusha fimbo mara ya kwanza. Akashusha mara ya pili. Mara ya tatu akasema, "Hadji, tafazali, nyamaza."

Hadji akatupa fimbo yake mu mayani. "Muhindo! Miye natoka Beni! Njia yote nilifunga roho. Nikifika hapa unaniambia nifunge na kinywa?"

Nilisimama na gunia yangu, sikusogeza hata muguu. Papa Muhindo hakupandisha sauti. Alisema chini chini, na njo ile iliniogopesha zaidi. "Na miye, Hadji? Inje kule, kitu gani inahesabikaka? Leo bariyera iko hapa, kesho iko kule. Leo neno ya mukubwa ni hii, kesho ameibadilisha. Hapa tu, mu trou tano, ine ni ine na tano ni tano. Unataka uniondolee na hiyo?"

Balimaliza trou mbili zenye zilibakia bila hata neno. Na miye, mu roho yangu, nilisema Hadji njo mwenye haki. Nilisema huyu Muhindo, raha haijue. Anakuya kila samedi kujitesa na bic.

Sasa njia. Ile njia yenye inapita juu ya trou ya tano, ya bamama, inatoka Masereka inashuka soko ya Butembo. Ilikuwa pale mbele ya golf, mbele ya pirètre. Mudogo wangu Katungu alikuwa anaipita mara ine kila posho, kila juma, kitunga ya biazi mugongoni na mukanda mu kipaji ya uso. Ukikosa ile njia, unazunguka bonde, saa nzima zaidi, na ile matope ya chini hata mbuzi inaiogopa. Bibi mwenye mimba aliteleza kule, sitasema zaidi.

Siku moja Hadji alipiga balle ya juu, ikaenda, ikaenda, ikaanguka mu kitunga ya Katungu, katikati ya mboga ya poireaux. Katungu hakusikia. Akaendelea kushuka na balle yetu. Papa Muhindo akafungua règle yake, kitabu ya sheria: balle yenye imebebwa irudishwe fasi ilikuwa. "Ilikuwa mu poireaux!" Hadji akasema, machozi ikimutoka. "Twende, Muhindo, nikaipigie soko, katikati ya bauza samaki ya makayabu!" Miye nilikimbia nyuma ya Katungu, namuita, anafikiri kuko kilio nyumbani, naye anaongeza mbio. Nilimufikia pa mwanzo wa soko. Tulicheka mpaka tukashikana.

Niliporudi, Papa Muhindo hakuwa anacheka. Alikuwa anapima na kidole zake mbele ya kipaji. "Ingeanguka vidole ine mbele, ingekuwa kichwa ya ule mama," alisema. "Siku moja itaua mutu. Tuzungushe kiyo. Njia ifungwe. Mwenye anajua règle aingie, mwenye haijue abakie inje."

"Kiyo" ile ni uzio, wewe mwenye kofia pale nyuma, hapana yenye unajiangalia ndani. Kwetu tulikuwa tunaita hivyo fensi ya miti na waya.

Hadji akasema, "Terrain ya kucheza yenye haina batu ni makaburi. Sitie sahihi."

Balibishana miezi. Ilikuwa mubaya, bana bangu. Bibi zao balikuwa barafiki, bakaacha kusalimiana. Kisha nikasikia neno ya parcelle, ya kukata viwanja. Bagawanye concession, hii udongo yote, katikati, kila mutu auze yake. Batu bakakuya na mètre, kamba ya kupimia, bakapima mpaka pa mulango ya depot. Pale njo nilianza kuogopa kweli, juu parcelles zikiuzwa, hakuna njia, hakuna kazi ya Masika, hakuna kitu.

Mwishoni njo Papa Muhindo alisema: partie moja, muchezo moja tu, trou tano. Mwenye anashinda, terrain itaenda namna yake. Hadji akashinda, njia inabakia wazi na kila mutu anacheza vile roho inapenda. Muhindo akashinda, uzio unasimama na njia inafungwa. Na hakuna kuuza. Bakapeana mukono mbele yangu. Katungu aliniuliza, "Yaya, nani anacheza muzuri?" Nikamwambia ukweli: Muhindo.

Ile samedi bamama balishusha bitunga pa kilima, bakaikala kimya, bakiangalia. Hata Hadji alijaribu kunyamaza, kidogo. Trou ya kwanza alishinda Muhindo, ya pili Hadji, ya tatu na ya ine sawa. Tulifika ya tano, ya mwisho, na hesabu zao zinalingana. Nilikaza kamba ya gunia, na miye sichezi.

Balle ya Hadji ikafika pa sahani. Lakini ikaikala mu alama ya kisigino, shimo ndogo, yenye sikuifuta muzuri asubui. Kutoka mule, coup moja haikutosha, kila mutu wa kazi angeona. Balle ya Papa Muhindo iliangukia chini, mu mayani marefu. Akashuka kuitafuta, kichwa yake ikapotea nyuma ya kilima.

Hadji alikuwa ananipatia habari ya dereva wake mwenye alioa mara ya pili bila kumwambia wa kwanza. Alikuwa anasema, anaangalia mawingu, na muguu yake, naapa, yenyewe tu, vile ilifanyaka kila samedi, ikasukuma balle na ncha ya kiatu. Urefu wa kiganja. Balle ikatoka mu shimo, ikaikala fasi sawa. Hadji hata hakuacha habari yake. Hakujua.

Miye nilijua. Juu ya muchanga palikuwa shimo ya kisigino, alama ya kiatu, na mustari yenye inaonyesha kila kitu. Nikasikia Papa Muhindo anapanda. Nikaangalia Katungu kule juu, amefunga mikono mu kifua. Na nikakokota gunia. Mara moja tu, kandokando ya balle, vyap.

Kwa miaka nilijiambia ni mukono ilizoea kazi, ilijiendea. Bongo. Mukono haijiendeake.

Papa Muhindo akafika, akapiga yake, ikasimama karibu na trou, akaisukuma ikaingia. Kisha akaangalia balle ya Hadji. Akaangalia muda murefu. Akanigeukia.

"Mama Masika, hii balle iliguswa?"

Upepo ilikuwa inapiga.

"Hapana, Papa," nikasema. "Nilikuwa naondoa mayani yenye upepo ilileta."

Aliniangalia mu macho. Kisha akasema, "Sawa. Umesema." Hadji akasukuma balle, ikaingia, coup moja. Alishinda kwa coup moja. Bamama bakapiga vigelegele mpaka mbuzi zikatoroka, na Papa Muhindo akapatia Hadji mukono, akaandika mu cahier, akaifunga.

Njia ikabakia. Katungu aliniletea biazi nusu gunia. Nilizipika, zikanishinda kumeza.

Samedi yenye ilifuata, trou ya kwanza iliisha, nikangojea. Nilikuwa nimetayarisha neno mu kinywa: tano. Papa Muhindo akafungua cahier, akaandika mwenyewe, akaifunga, akaenda. Hakunigeukia. Trou ya pili, vile vile. Alikuwa ananisalimia muzuri, anaulizia batoto, Noeli anatuma sukari. Lakini "Mama Masika, ni ngapi?" ilikufa. Miaka ine, bana bangu. Miaka ine nilisimama na ile gunia, najua hesabu, na hakuna mwenye ananiuliza. Angenitukana ningepona mbio.

Siku ya retraite yangu tulikunywa fanta hapa hapa. Hadji alinisifu mpaka nikaficha uso. Kisha akamwambia Muhindo naye aseme. Papa Muhindo akasimama, akasema, "Mama Masika alikata mayani muzuri." Akaikala. Batu bakapiga mikono. Miye nilikuwa nataka udongo ufunguke.

Lundi, jumatatu yenye ilifuata, nikaenda mu quincaillerie. Alikuwa anapimia mutu waya. Nikangojea amalize. Nikamwambia, "Papa, ile balle iliguswa. Niliona. Nilifuta."

Hakuacha kukunja waya yenye ilibakia. "Najua," akasema.

"Unajua toka lini?"

"Toka ile siku. Balle haikuwa na mukia, Mama Masika. Iliikala pale sawa yayi yenye kuku haikutaga. Miaka yote umenifundisha kusoma muchanga, halafu unafikiri sitasoma?"

Nililia, sifichi. Nikamuuliza juu ya nini hakusema mbele ya batu.

"Nilikuuliza, ukajibu. Neno ya mwenye aliona njo inamaliza. Ni règle, na ni miye niliiandika. Ningeisimamia tu siku yenye inanifurahisha?" Akaweka waya chini. "Lakini kama leo umeibadilisha, basi partie haijaisha."

Akakamata téléphone, akamuita Hadji. Nilisikia Hadji akiwaka. "Miye! Miye nilikuibia, Muhindo?" Papa Muhindo akamuelezea polepole: habari ya dereva, mawingu, kiatu. Kisha Hadji akasema, sauti ndogo, "Subhanallah. Ile muguu yangu." Na kisha: "Nakuya samedi."

Kumwambia Katungu ilikuwa mubaya kupita yote. Alikuwa anachagua biazi, kubwa upande huu, ndogo upande ule. Hakuinua kichwa. "Yaya, ulisema bongo ukatupatia njia. Sasa unasema kweli utunyanganye? Ni roho yako unaosha, na maji ni ya migongo yetu."

Samedi ikafika. Trou ya tano tu, kutoka mwanzo wake, juu zile ingine ine zilikuwa za kweli. Bamama balikuwa pale tena, wengi kupita ile siku. Hakuna hata mumoja alinisalimia. Papa Muhindo aliniambia nikamate gunia, miye, hapana mwengine.

Hadji alipiga bila neno. Akatembea bila neno. Thermos aliiacha mu gari. Papa Muhindo akasimama juu ya balle yake, akainua fimbo, akaishusha. Akainua tena, akashusha. Akageuka. "Hadji, sema kitu. Unanitia woga."

"Sina kitu ya kusema."

"Ule dereva wako. Bibi wa kwanza alijua?"

"Alijua," Hadji akasema. "Alimupiga na mwiko." Na Papa Muhindo, naapa mbele ya Mungu, akacheka, akiwa na fimbo mu mukono, mbele ya coup. Sikuwahi kuona.

Balipofika karibu na sahani, Katungu alisimama, akavaa mukanda mu kipaji, akainua kitunga yake, akaanza kushuka mu njia, katikati ya partie. Makusudi. Bengine bakamufuata, mustari murefu, kitunga nyuma ya kitunga. Papa Muhindo akaweka fimbo chini. "Wavukire," akabasalimia na Kinande, mumoja mumoja. Hakuna alijibu, ni Katungu tu, na alijibu meno imefungwa. Akangojea mpaka wa mwisho apite. Kisha akapiga.

Balle zote mbili zikafika pa sahani, kila moja na mukia yake. Sikugusa muchanga. Gunia nililiweka nyuma yangu kabisa. Hadji alisukuma yake, ikapita kando ya trou kidole moja. Papa Muhindo akasukuma yake, ikaingia. Alishinda.

"Andika," akaniambia, akanipatia cahier. Niliandika na bic yake. Machozi ikadondoka juu ya plastique, nikaipanguza na kitenge.

"Donc uzio utasimama," Hadji akasema.

"Utasimama. Nimeshinda."

Katungu na benzake balikuwa bamesimama chini, bakisikiliza. Miye sikuinua macho. Nilifikiri: umemaliza ndugu zako, Masika, na kwa kinywa yako.

Mardi, siku tatu nyuma ya partie, Papa Muhindo akakuya na miti, waya, mafundi babili, na mètre. Akasimama pa ile njia. Akatuma bamuite Katungu, akuye na kitunga yenye imejaa, hapana nusu. Katungu akakuya, uso umefungwa. Papa Muhindo akamwambia asimame katikati ya njia na muzigo wake, sawa vile anatembeaka.

"Nilishinda nijenge uzio," akasema. "Nilisema kila kitu ikuwe na kipimo. Sasa tupime fasi ya mulango. Mulango yenyewe haitafungwa, inabakia wazi. Lakini balle haitaruka tena pa kichwa ya mama, juu pale njo tutaweka treillis ya juu, na muchezaji atasimama bakipita. Nitaiandika pa tôle, pa bati." Munaiona ile tôle mpaka leo, munaipitaka kila siku bila kusoma: MAMA MWENYE MUZIGO ANAPITA WA KWANZA. MUCHEZAJI ANYAMAZE.

Hadji, mwenye alikuwa ameikala mu mayani na thermos yake, akasema, "Hata miye ninyamaze?"

"Wewe zaidi."

Katungu alikuwa bado anasimama, mukanda inamukata kipaji. Papa Muhindo akakamata mwisho moja ya mètre, akanipatia ingine. Nikainyoosha kutoka ncha ya kitunga upande huu mpaka upande ule. "Ongeza kiganja moja kila upande," akasema, "juu siku ya mvua mutu anayumba." Nikaongeza. Akatoa cahier, akafungua bic na meno. Hakuangalia mètre. Aliniangalia miye.

"Mama Masika," akauliza, "ni ngapi?"

Nikamwambia. Akaandika.